Lenzi Nyeupe ya Mwalimu

Mume akianza kutaja milimita mezani wakati wa ugali, mke mwenye busara huenda kuhesabu pesa zilizo kwenye mkebe. Mimi nilikwenda. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka shuleni na uso wa mtu aliyeteuliwa, na kabla hajanawa mikono akatangaza kwamba milimita 55 hazitoshi, zinatakiwa 200, ikiwezekana 250, na kwamba bila hizo kidato cha pili kitaingia kwenye mtihani bila kujua kizibo cha volkano ni kitu gani.

Mume wangu anafundisha jiografia. Shule yake iko upande wa Malaba, nasi tunakaa Busia, ambako nauza nafaka karibu na Soko Posta: ufuta, njugu, wimbi, mtama, kunde, na maharagwe ya njano ya Uganda yanapovuka kwa bei ya kibinadamu. Kila siku ya shule anapanda matatu kilomita thelathini hivi kwenda, na nyingine kurudi, na njiani hana la kufanya ila kuwaza. Siku ambayo hewa imetakata, wanafunzi wake wanaliona Jiwe la Tororo kwa macho yao, ng'ambo ya mpaka, kilomita kumi na mbili hivi. Kaskazini zaidi umelala Mlima Elgon, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko upande huo huo wa Uganda. Watoto wamezaliwa wakiliona lile jiwe, wamekua wakiliona, na wanaamini ni jiwe tu. Mwalimu alitaka picha kubwa za kubandika ukutani, aonyeshe na kusema: Hii hapa ni lava iliyoganda kooni mwa volkano, halafu mvua za mamilioni ya miaka zikaula mlima uliokuwa umeizunguka, likabaki koo. Na huyu hapa ni Elgon, volkano pana iliyozimika, iliyojijenga kwa kumwagika badala ya kulipuka tu.

Hoja nzuri. Hoja za Mwalimu huwa nzuri zote, ndiyo maana hutugharimu.

Kamera alikuwa nayo, Canon 600D, toleo la mwaka 2011, aliyoinunua mitumba ikiwa na lenzi yake ndogo ya 18-55. Alikuwa amekwisha kupanda mwinuko mmoja juu ya Malaba, akapiga picha, akazisafisha, akamletea Kukhu kwa fahari. Kukhu ni mama yake mzazi. Sote nyumbani tunamwita hivyo kwa kufuata watoto. Kukhu aliisogeza picha karibu na taa.

"Mlima uko wapi?"

"Huo hapo, Mama. Huo mstari."

"Huu mstari? Nilidhani karatasi imekunjwa."

Hapo ndipo Mwalimu alipohitaji ubao. Nyumbani hakuna ubao, lakini uko mlango wa stoo yangu, uliopakwa rangi nyeusi, ambapo mimi huandika kwa chaki majina ya watu waliochukua mali kwa mkopo. Nilikuwa sokoni. Niliporudi, mlango ulikuwa umepanguswa kwa mkono wa shati, safi kabisa, na juu yake kuna hesabu. Gorogoro tatu za njugu za mama wa hoteli, debe la mtama la mpika busaa, nusu gunia la maharagwe la mtu wa kanisa ambaye sitamtaja: vyote vimekwenda. Mahali pake palisomeka: upana wa kihisi, gawanya kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa umbali.

"Madeni yangu yako wapi, Mwalimu?"

"Yako kichwani."

"Kichwani mwa nani?"

Aliwatazama watoto. Watoto wakatazama ugali.

Nitakuwa mwadilifu: hesabu yenyewe ilieleweka hata kwa mtu mwenye hasira. Kihisi cha kamera ile kina upana wa milimita 22.3. Elgon iko kama kilomita 60 kutoka Malaba. Kwa lenzi ya milimita 18, picha inameza upana wa kilomita 74, yaani mlima wote na mashamba ya watu wasiohusika, na mlima unabaki mstari. Kwa 55, kilomita 24. Kwa 250, kilomita tano na ushei, hapo unabaki na vilele peke yake. Jiwe la Tororo liko karibu zaidi: kwa 250 picha inabana kilomita moja tu ya upana, na jiwe, ambalo linasimama mita 300 hivi juu ya mji wake, linajaza karibu nusu ya kimo cha picha. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa mwendawazimu. Alihitaji kweli lenzi ya kuvuta.

Chini ya hesabu alikuwa ameorodhesha lenzi na uzito wake, maana mgongo wake una historia. Canon 70-200 ya f/2.8, ile ya kutuliza mtikisiko, toleo la pili: gramu 1,490. Canon 70-200 ya f/4: gramu 705. Canon 75-300: gramu 480. Canon 55-250 ya STM: gramu 375. Niliyaacha maandishi hayo. Madeni yalikuwa yamekwisha kufutika. Kuyafuta na haya kusingeyarudisha.

Jambo la pili lilianza kwa wema wa rafiki. Mpiga picha mmoja wa harusi hapa Busia, kijana mchangamfu, alimwazima Mwalimu lenzi yake kwa wikendi moja, na bila shaka ilikuwa ile ya juu kabisa kwenye orodha. Kilo moja na nusu, kasoro gramu kumi. Nyeupe, ina pete nyekundu, ndefu kuliko kigasha cha mtoto wetu wa mwisho. Ilipoingia nyumbani watoto walisimama.

Niliuliza kwa nini kitu kinachopiga picha kiwe kizito kuliko kuku. Mwalimu akanifafanulia, na hapa alifundisha vizuri. Hiyo f/2.8 ni ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Kanisani saa kumi na moja jioni, ndani ya hema la karamu, bibi harusi anatembea na taa ni mbili, tundu kubwa linaokoa kazi. Na tundu kubwa hudai vioo vikubwa, na vioo ni vizito.

"Na wewe utapiga bibi harusi?"

"Nitapiga mlima."

"Mlima unatembea?"

"La."

"Utapiga usiku?"

Ikabidi akiri kwamba mandhari hupigwa mchana, na kwamba hata wenye lenzi hizo, wakifika kwenye mlima, hulifunga tundu hadi f/8 ili kila kitu kitokee wazi kutoka pembe hadi pembe. Kumbe basi unabeba kilo moja na nusu ya mwanga, halafu unaufunga. Ni kukodi lori la tani kumi lipeleke debe moja la njugu Nambale. Alisema sielewi mambo ya ubora. Nikasema naelewa mambo ya nauli.

Jumamosi akaenda nayo Malaba. Niliyoyajua yalinifikia kwa vipande, kwa kuwa Mwalimu hakusimulia yote. Malaba ni mji wa malori. Yanapanga foleni kuelekea Uganda, na kati ya malori wamo wabadilisha pesa na mabunda yao mkononi, wauza ufuta uliokaangwa, bodaboda, na watu ambao kazi yao ni kuona. Katika mji kama huo, mtu mzima mwenye miwani anasimama pembeni ya barabara, anainua kitu cheupe kinachofanana na bomba, anakielekeza magharibi, juu ya vichwa vya wote, kwenye nchi ya jirani. Ndani ya dakika chache alikuwa na kundi. Dereva mmoja alitaka kujua ni runinga gani. Kisha akaja afisa.

"Unapiga nini?"

"Kizibo."

"Kizibo cha nini?"

"Cha volkano."

"Hiyo volkano iko wapi?"

"Uganda."

Nawaza mara nyingi kuhusu mazungumzo hayo. Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake, na bado kila jibu lilimsogeza Mwalimu karibu zaidi na benchi. Alikaa kwenye benchi hilo muda wa kutosha kufundisha kipindi kizima. Afisa alitazama picha moja moja, akaona ni jiwe, na jiwe, na jiwe, akauliza kwa nini liko peke yake katikati ya tambarare, akaelezwa, akaridhika. Mwisho akaomba apigwe picha ameshika ile lenzi. Onyo alilompa lilikuwa la haki: daraja, reli na ofisi za mpakani hazipigwi bila kibali, na mtu akiwa mbali na kifaa kile, hawezi kujua kimelenga jiwe au kimelenga daraja. Kifaa kidogo hakimwiti mtu. Sikuwa nimeiona hoja hiyo kwenye orodha ya mlangoni, nikaiongeza mwenyewe kwa chaki.

Jumamosi jioni alirudi shingo imeinama upande. Nikampaka dawa. Kamera na lenzi aliviangika kwa mkanda kwenye msumari wa stoo, msumari niliouweka kwa ajili ya ungo. Ungo una uzito wa ungo. Usiku tukasikia kishindo. Msumari ulikuwa umetoka na plasta yake, na lenzi ya watu ilikuwa imejizika kichwa chini ndani ya gunia la ufuta lililo wazi.

Nasema hivi kwa utulivu sasa. Usiku ule niliwasha taa kwa mikono inayotetemeka, nikaona mkanda peke yake ukining'inia nje ya gunia. Kioo hakikuvunjika, ufuta ni laini kiasi hicho. Lakini ufuta pia ni mdogo kiasi cha kuingia mahali popote, na ulikuwa umeingia kwenye pete ya kuvutia. Mwalimu aliizungusha, ikasaga. Tulilipia usafi kwa fundi, na kijana wa harusi alikuwa muungwana, hakupandisha sauti. Gunia nililiuza baada ya kulipepeta lote.

Mtu angedhani sasa tungepumzika. Lakini ndugu wa mume hapumziki. Shemeji anafanya kazi na mawakala wa kutoa mizigo forodhani Malaba, na katika ukoo wetu yeye ndiye mwenye watu. Ukitaka tairi, ana mtu. Ukitaka cheti, ana mtu. Alikuja Jumapili, akala, akasikia yote, akapangusa mdomo.

"Kaka, wewe unataka ile nyeupe, lakini nyepesi."

"Ndiyo. Ya f/4. Gramu 705."

"Niko na mtu upande ule. Nyeupe, mpya, haijatoka kwenye sanduku. Na nyepesi, shemeji, utashangaa."

Hilo la mwisho aliniambia mimi, na lilitimia.

Pesa zilikuwa za tangi. Mwalimu alikuwa amechukua mkopo wa sacco ili tununue tangi la lita elfu tano, kwa sababu mvua za hapa huja zote kwa pamoja nasi huzikinga kwa madebe. Nilipinga. Niliambiwa bei ile ni nusu ya bei ya dukani, kwamba nafasi haingoji, kwamba tangi linaweza kuwa la lita elfu tatu. Pesa zikatumwa kwa simu. Mtu wa shemeji akatuma picha: nyeupe kweli, pete nyekundu kweli, maandishi yote mahali pake.

Kifurushi kilifika dukani kwangu kwa bodaboda, saa nne asubuhi, Mwalimu akiwa darasani. Sikukifungua. Kwangu kila kinachoingia dukani kinapita kwenye mizani kwanza. Ni mazoea ya miaka, sifikirii. Nikakiweka. Mizani ikasoma gramu 430, pamoja na sanduku, karatasi na ile plastiki ya mapovu. Nikaukumbuka mlango wa stoo nyumbani: 705, bila sanduku.

Nikampigia wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, lenzi imefika. Ina gramu 430."

Kimya. Kisha: "Mizani yako ina shida."

"Mizani yangu ina muhuri wa vipimo wa mwaka huu."

"Basi ni toleo jipya. Wamepunguza uzito."

"Wamepunguza nini, vioo?"

Alikata simu kwa heshima. Jioni tulikifungua wote, hata shemeji alikuwepo, amevaa shati jipya. Kitu kilikuwa kizuri. Pete zilizunguka. Vibonye vilibonyezeka, ingawa havikubadilisha lolote. Mwalimu aliukamata mfuniko wa mbele, akauzungusha, ukatoka, na badala ya kioo tukaona chuma cha pua kinachong'aa mpaka chini. Hakuna aliyesema kitu, mpaka Kukhu aliponyoosha shingo.

"Hiyo ni thamosi," akasema. "Na ni nzuri."

Vyombo hivi vina ukoo wa heshima. Canon wenyewe waliwagawia wapiga picha vikombe vyenye umbo la lenzi ya 70-200 kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver, mwaka 2010, kama zawadi. Watu wakavipenda mno, na waigaji wakavitengeneza kwa wingi. Vinauzwa kihalali popote kama vikombe vya chai na kahawa. Chetu tu ndicho kilichouzwa kama lenzi. Simu ya yule mtu, tangu jioni hiyo, haipatikani.

Shemeji alijitetea kwa hoja ambayo bado naiheshimu. Alisema tulimwagiza nyeupe, akaleta nyeupe. Tulimwagiza nyepesi, sasa tunalalamika ni nyepesi mno. Alichangia robo ya hasara, kwa awamu. Awamu bado zinaendelea.

Kukhu aliichukua thamosi. Alitoa sharti, maana hakuna cha bure kwa mtu aliyelea watoto saba: tukimwachia, atanisaidia na madeni. Akaketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, akajaza chai, akafumba macho, akaanza kuwataja. Nani, nini, kiasi gani, alikuja amevaa nini, alisema atalipa lini. Bibi huyu hajui kusoma mlango wangu, lakini kila jioni alinisikia nikinung'unika mbele ya mlango huo. Nilipata karibu orodha yote. Yule wa kanisa aliletwa na Kukhu mwenyewe, baada ya ibada, thamosi kwapani.

Baada ya hapo suala la lenzi lilihamia kwangu, pamoja na pesa zilizobaki. Nikaweka masharti mawili: iwekwe kwenye mizani kabla ya kulipiwa, na isizidi bei ya magunia manne ya mahindi. Mwalimu alikubali upesi, kama mtu asiye na tangi.

Kwa kamera yake chaguo za kweli zilikuwa mbili. Ya kwanza ni 75-300, ambayo utaiona kila mahali kwa sababu iliuzwa kwa wingi pamoja na kamera za wanaoanza, na ndiyo sababu ni rahisi. Inavutia: ina milimita 300, nyingi kuliko ile nyingine. Lakini haina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inataka kasi ya shata isipungue sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Na kwa kihisi kidogo kama cha 600D, unazidisha kwa 1.6. Kwa hiyo ukivuta mpaka 300 unahitaji karibu 1/500 ya sekunde, na asubuhi ya mawingu, mwanga wa kasi hiyo unaupata kwa taabu. Isitoshe, mwisho wa mvuto wake picha hulegea, kingo za vitu zinapoteza ukali. Milimita usizoweza kuzitumia ni za kulipia tu.

Ya pili ni 55-250 ya STM, ya mwaka 2013. Inaishia 250, inatuliza mtikisiko, ni kali mpaka mwisho wake, na ni nyepesi kwa zaidi ya gramu mia kuliko ile. Ina aibu zake. Shingo yake inayoshika kamera ni ya plastiki. Tundu lake mwishoni ni f/5.6, kwa hiyo karamu ya jioni isahau. Na ni ya ukoo wa EF-S, haivaliki kwenye kamera za kihisi kikubwa kama 5D au 6D. Mwenye nia ya kuhamia huko asinunue. Mwalimu hana nia, na angekuwa nayo ningeijua.

Wenye kamera za Nikon wana 70-300 ya AF-P DX yenye VR, gramu 415, nayo ni nzuri, ila mtego wake uko wazi: kwenye kamera za zamani kama D3100 au D90 haitafuti shabaha yenyewe, na pete yake ya mkono nayo haifanyi kazi, kwa hiyo umenunua pambo. Wenye Olympus ndio wenye bahati kuliko wote, maana ipo 40-150 ya gramu 190, nyepesi kuliko pakiti ya majani ya chai ya robo kilo, na kwa kihisi chao kidogo inaona kama 300. Niliitamani hiyo. Lakini kubadilisha kamera ili upate lenzi ni njia ambayo ingetupeleka moja kwa moja kwenye pesa za karo.

Tuliipata 55-250 mjini, kwenye studio ya picha za pasipoti ambayo pia huuza vifaa vilivyotumika. Nilikwenda na mizani yangu ndogo kwenye kikapu. Mwenye duka alicheka. Mimi niliichomeka kwenye soketi yake. Bila vifuniko: 375. Ndipo Mwalimu akaruhusiwa kuigusa. Akaivuta kutoka mwanzo hadi mwisho akisikiliza kama inakwaruza. Akaitazama dhidi ya mwanga kutafuta kuvu, kwa maana huku karibu na ziwa unyevu hauchezi, na lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi mwaka mzima huota utando ndani ya kioo ambao mafundi wengi hawauwezi. Akaivisha kwenye kamera yake mwenyewe, akasimama mlangoni, akapiga bango la dawa ya mifugo lililo ng'ambo ya barabara, mara moja kitulizi kikiwa kimewashwa na mara moja kikiwa kimezimwa, yote kwa 250. Tukayakuza maandishi madogo kwenye kioo cha kamera, katikati na kwenye pembe. Yalisomeka. Nikalipa.

Inalala kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo watoto wameamriwa kuvikusanya badala ya kuvitupa.

Tulikwenda wote, hata Kukhu, kwa matatu ya kwanza, siku moja baada ya mvua ya usiku. Hili la mvua na alfajiri halina mbadala. Januari na Februari vumbi na moshi wa mashamba hufunga upeo, na hata hewa ikiwa safi, kufika saa nne joto limekwisha kuinuka kutoka ardhini, na kitu kilicho kilomita nyingi mbali kinachezacheza kwenye picha. Hakuna lenzi inayoponya hilo, hata ya magunia mia. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa mwinukoni. Safari hii hakuna aliyekuja kuuliza. Mwalimu alivuta, akapiga Jiwe la Tororo kwenye 150 hivi, mji ukiwa chini yake ili mtu aone ukubwa, kisha kwenye 250, miamba peke yake. Elgon ilijitokeza kwa muda mfupi kabla ya mawingu, bluu, vilele vikiwa na meno. Kukhu alipewa kamera atazame. Alitazama muda mrefu akamrudishia mwanawe.

"Sasa huo ni mlima," akasema, na kumimina chai kutoka kwenye lenzi.

Tukiwa huko tukaunganisha hadi Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk, kwenye michoro ya kale ya miambani, ng'ombe na maumbo ya ajabu chini ya mwamba ulioinama. Hapo 55-250 haina kazi. Ukiwa umesimama hatua chache mbele ya mchoro, ni ile 18-55 ya zamani ndiyo inayopiga. Anayeuza lenzi yake ndogo ili anunue ya kuvuta atajuta mahali kama hapo. Mimi nilipendezwa zaidi na kunde. Wachimbaji walizikuta hapo mbegu za kunde za miaka 2,300 hivi, na matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Kukhu aliuliza walizihifadhije zisitobolewe na wadudu. Mwalimu akamwambia zilikuwa zimeungua moto. Kukhu akasema basi huyo mke alipika vibaya.

Ndege wa Sio Port tuliwajaribu baadaye, kwenye mafunjo, na nasema wazi kwamba 250 ni fupi kwa ndege. Atokeapo yule mwekundu kifuani wa kwenye mafunjo, unapata nukta nyekundu. Mwalimu ameanza kutaja milimita 400. Nimeupaka mlango wa stoo rangi nyeupe ya mafuta, chaki haishiki.

Picha tatu ziko ukutani darasani kwake. Tangi tulilonunua ni la lita elfu mbili. Na kwa yeyote anayetumiwa kwenye simu picha ya lenzi nyeupe ya Canon 70-200 ya kamera za EF kwa nusu ya bei: mwambie muuzaji aiweke kwenye mizani mbele yako kabla hujatuma hata shilingi. Isipofika gramu 700, hiyo ni ya chai.